Mgonjwa Hapigi Magoti

Kemilembe aliupima ute wa goti la mama yake mara tatu, na mara tatu mashine ikamjibu jambo lile lile.

Mara ya kwanza aliilaumu sindano. Mara ya pili akailaumu mashine, akaipangusa, akaizima, akaiwasha, akaikaripia kama watu wa Rwamishasha wanavyokaripia kila kitu kinachotumia umeme. Mara ya tatu hakubaki na wa kumlaumu. Akasimama, akaenda dirishani, akarudi, akakaa, akasimama tena. Ilikuwa Alhamisi, saa nane mchana, na nje ya Kituo cha Viungo kinamama watatu walikuwa wameketi kwenye benchi wakicheka kwa sauti. Miezi sita nyuma wanawake hao hao waliletwa hapo wakiwa wameshikiliwa makwapani. Kicheko chao kilimchoma.

Kioo cha mashine kilionyesha vipande vya kolajeni elfu tatu na mia nne katika tone moja. Goti lililopona lilitakiwa kuonyesha mia mbili, au mia tatu kama mwenyewe alipanda mlima juzi.

Watu wengi hudhani goti huisha kama soli ya kiatu, kwa kusuguliwa tu. Kemilembe alikuwa amekanusha jambo hilo mbele ya wagonjwa mpaka ulimi ukamchoka. Gegedu, aliwaambia, ni ule weupe unaoteleza kwenye ncha ya mfupa, ambao mtu akila kuku huutafuna bila kuuliza jina lake. Halina mshipa wa damu. Hula kwa kubanwa: ukikanyaga, maji hutoka; ukiinua mguu, maji huingia na chakula chake. Ndani yake zinaishi seli chache, kila moja peke yake kishimoni, na kazi yao ni kutunza kamba za kolajeni zinazoyashika maji hayo. Seli hizo zikionewa muda mrefu huchanganyikiwa, zikamwaga vimeng'enya vinavyokata kamba zile zile zilizokabidhiwa. Vipande vikielea kiungoni, utando unaolizunguka goti huvimba kwa hasira na kumwaga vimeng'enya vyake. Basi uharibifu unazaa uharibifu, na mwenye goti hana habari, kwa sababu gegedu halina hata mshipa wa fahamu. Anayelia ni utando na mfupa, na wakianza kulia nyumba imeshaungua nusu.

Ndiyo maana ute hai ulipofika Rwamishasha watu walipiga vigelegele. Zilikuwa seli zilizofunzwa maabara, zinadungwa gotini kwa sindano moja. Mgonjwa alifungwa mkanda wa kupimia kwa siku arobaini, na katika siku hizo ute ulijifunza maisha yake: goti linabeba wapi, na wapi halibebi. Kisha ukaanza kujenga. Kwa kuwa haukuwa na ghala la kolajeni, uliichukua mahali pasipotumika ukaipeleka panapotumika, na muda wote huo uliubembeleza utando usilie. Wanawake sitini na mmoja walikuwa nao mwilini. Wa kwanza kudungwa alikuwa Ma Kokugonza, mama mzazi wa Kemilembe, maana mpishi asiyeonja chakula chake hatumwamini.

Akaifungua picha ya ndani ya goti hilo. Mbele gegedu lilikuwa nene, jeupe, la msichana. Akaizungusha picha. Kwa nyuma, kwenye kona ya mfupa wa paja ambayo hubeba uzito pale tu goti linapokunjwa mpaka mwisho, lilikuwa limebaki ganda jembamba la kitunguu.

Ute ulikuwa umeezua jikoni ukaezeka sebuleni. Ulifanya hivyo kwa sababu katika siku arobaini za mafunzo goti la Ma Kokugonza halikukunjwa mpaka mwisho hata mara moja.

"Haiwezekani," Kemilembe aliiambia picha. Mwanamke wa Rwamishasha hupiga magoti asubuhi akimsalimu mkubwa wake, hupiga magoti akikabidhi kikombe, hupiga magoti njiani, kwenye matope, akiwa na mzigo wa ndizi kichwani. Siku arobaini bila kupiga magoti? Akafungua kumbukumbu za wanawake wengine kumi. Wote vilevile. Wote sitini na mmoja, vilevile.

Alimpigia simu Daktari Rwezaura, aliyeongoza mradi huo kutoka mjini. Sura ya mzee huyo ikatokea kwenye kioo, miwani imepandishwa kwenye kipara.

"Wanaweza kutembea?" aliuliza baada ya kusikiliza.

"Kutembea ndiyo, hata kupanda ngazi. Kupiga magoti ya salamu, kidogo kidogo, bado. Ila mtu akikaa magotini saa nzima, lile ganda la nyuma litachanika hadi mfupani. Na mahali palipochanika ute hauna pa kushika tena."

"Basi waambie wasikae magotini saa nzima. Kamati inakutana Jumatatu."

"Nataka kuulaza ute wa mgonjwa mmoja, uache kuubembeleza utando. Maumivu yakirudi, yatamlinda mwenyewe."

"Mgonjwa amekubali?"

Kemilembe akaitazama tena picha ya goti.

"Hatuulazi ute bila mgonjwa kukubali," alisema Rwezaura kwa upole. "Kanuni hiyo uliiandika wewe, binti yangu. Subiri Jumatatu."

Lakini kabla ya Jumatatu kulikuwa na Jumamosi.

*

Habari ya Jumamosi ilianza miaka tisa nyuma, siku alipozikwa baba yake Kemilembe. Dada mkubwa wa marehemu, Ma Kagemulo, aliingia uani na wanawake wote wakashuka chini kumpokea. Ma Kokugonza, mjane mwenyewe, alimsalimu wifi yake amesimama wima. Magoti yalikuwa yakisagika mwaka mzima, naye hakuwa amemwambia mtu. Angesema neno moja tu, "naumwa," asingelaumiwa na yeyote. Lakini alikuwa na miaka hamsini na tisa, mwanamke aliyesifiwa kilima kizima kwa kulima kuwashinda wanaume, na neno lile lilimkaa kooni. Ma Kagemulo alisema mbele ya jeneza kwamba mke wa mdogo wake amesimama kama askari wa lindo, akaondoka bila kula. Tangu siku hiyo hawakusalimiana. Mficha maradhi kilio humfichua, na hapo kilio kilikuwa kimekwisha kuwapo.

Sasa magoti yalikuwa yamepona. Ma Kokugonza alituma ujumbe, ujumbe ukajibiwa: aje Jumamosi, apige magoti, asikilize mpaka wifi yake amalize kusema. Na Ma Kagemulo alikuwa na miaka tisa ya kusema.

Ijumaa asubuhi Kemilembe alimkuta mama yake kwenye migomba, ameinama anapalilia kwa jembe fupi, kanga ameifunga kiunoni, anaimba. Kemilembe akainama kidogo, goti moja likapinda na kunyooka upesi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Naliona nusu goti la daktari," alisema Ma Kokugonza akicheka. "Koti jeupe linakataa kukunjika, siyo? Haya, nimekupokea hivyo hivyo."

Kabla Kemilembe hajajibu, jirani yao Ma Byera, mwanamke wa miaka themanini na ushei, alitokea kwenye njia ya uani akijikongoja na fimbo. Ma Kokugonza aliliacha jembe, akaenda mbio hadi mbele yake, akashuka kwa magoti yote mawili, puu, juu ya udongo mbichi.

"Umeamkaje, waitu!" alisema, kwa neno la heshima la kumwita mkubwa.

Kemilembe alifumba macho. Alipoyafumbua mama yake bado alikuwa chini, anauliza habari za ng'ombe, za wajukuu, za jino, na hakuonyesha dalili yoyote ya kutaka kuinuka.

"Tazama mwanao alivyokunja uso," Ma Byera alimwambia, akamgusa bega ili ainuke. "Anadhani utavunjika. Daktari, mwache mama apige magoti, alipe siku zake! Tangu wafungue ile mikanda kilima chote kiko chini. Juzi sokoni nimepigiwa magoti mpaka nikasahau nilichofuata."

"Walipe siku gani?" Kemilembe aliuliza.

"Si zile arobaini za mkanda? Mtu amefungwa mkanda, ni mgonjwa. Na mgonjwa hapigi magoti. Wewe ni mtoto wa wapi?"

Kemilembe akautazama udongo kwenye magoti ya mama yake.

Alilijua hilo. Alilijua kabla hajajua kusoma. Mgonjwa husalimiwa, hasalimu. Hata mtoto mwenye homa haambiwi ashuke. Yeye mwenyewe ndiye aliyewafunga mikanda ile, akapita nyumba kwa nyumba kila wiki, akawaona wamekaa vitini huku wengine wakiwashukia, na jicho lake halikukwama popote, kwa kuwa kila kitu kilikuwa sawasawa kama alivyolelewa. Mgeni angeuliza. Angesema, hawa kinamama mbona leo hawapigi magoti kama tulivyoelezwa? Mzaliwa wa hapo hakuwa na la kuuliza. Ute ulifundishwa maisha ya mgonjwa, ukamjengea kila mmoja goti la mgonjwa, kisha wote wakapona wakaenda kuishi.

Ma Byera alipoondoka, Kemilembe alizunguka mgomba mmoja mara mbili bila sababu.

"Mama, kesho usipige magoti."

"Nifanyeje?"

"Keti. Mwambie shangazi unaumwa."

Uso wa Ma Kokugonza ukabadilika. "Siumwi. Miaka tisa iliyopita niliumwa nikasema siumwi. Leo siumwi unataka niseme naumwa. Kemi, mimi nitakuwa mwongo mpaka lini?"

"Goti halijakomaa vizuri. Kwa nyuma."

"Linauma?"

"Haliumi. Ndiyo shida yenyewe."

"Basi shida ya namna hiyo naipenda." Akaokota jembe. "Afadhali ukate hii miguu kuliko nimsalimu Kagemulo nimekaa. Yeye ana sabini na saba. Ukinambia nisubiri, nasubiri mpaka azikwe?"

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Kemilembe alikuwa nayo mdomoni: nilikosea, mama, nimewakosea wote, ute umekula kwa nyuma kwa sababu sikuona kilichokuwa mbele yangu. Lakini alimwona mama yake alivyoinama juu ya magugu, mgongo umenyooka, miaka kumi imemtoka mwilini, akaona aibu, na aibu ikawa nzito kuliko ukweli.

"Nenda polepole basi," alisema.

"Polepole ilikuwa mwaka jana," alijibu mama yake, akaendelea kuimba.

*

Usiku ule Kemilembe hakulala, na asubuhi akili yake ilikuwa imekwisha kujitengenezea hoja nzuri. Maumivu ni mlinzi. Yeye ndiye aliyemfukuza mlinzi huyo, basi ana haki ya kumrudisha. Mama angeshuka kidogo, angeumwa, angeinuka, wote wangeona kwamba kweli hawezi. Aibu ya dakika moja dhidi ya goti la maisha yote. Hoja ilikuwa na kasoro moja, nayo aliijua: ilihitaji mama yake asiulizwe.

Nyumba ya Ma Kagemulo ilikuwa ng'ambo ya bonde. Uani walikuwa wamekaa wanaukoo kumi na wawili juu ya mikeka, na mwenyewe kwenye kiti cha mgongo, mwembamba, mkavu, mikono juu ya fimbo. Kemilembe alisimama nyuma, karibu na tangi la maji, akiwa na kibao chake cha kazini, kile cha kuuamuru ute kwa mbali, ndani ya mkoba. Jina la mama yake lilikuwa juu kabisa ya orodha. Chini ya jina, amri: laza. Chini ya amri, kisanduku: mgonjwa amekubali.

Alikigusa kisanduku. Akaigusa na amri.

Ute huchukua dakika kumi kulala. Zilikuwa dakika za salamu za wengine, za kuulizana mvua, za kahawa kupitishwa. Kemilembe alihama mguu huu, akahama ule, akanywa kahawa ikamwunguza. Kisha Ma Kokugonza akainuka kwenye mkeka, akatembea katikati ya uwanja, akaanza kushuka.

Nusu ya njia alisimama. Mdomo ulifunguka kidogo. Mkono ukaenda kwenye paja, ukakamata kanga. Maumivu ya miezi mitano yaliyonyamazishwa yalikuwa yamemrudia yote kwa mpigo, na Kemilembe, aliyejua kila utando na kila mshipa uliokuwa ukipiga kelele mle ndani, alitaka kukimbia.

Mama yake hakumtazama wifi yake. Aligeuza kichwa taratibu, akamtafuta Kemilembe kati ya watu, akamwona, akauona na mkoba ulio wazi. Alimtazama muda wa kutosha. Kisha akageuka, akaendelea kushuka mpaka magoti yote mawili yakafika ardhini.

Jasho lilimtoka kwenye paji la uso likafuata pua. Mdomo aliubana, lakini machozi hayana mlango. Ma Kagemulo alikuwa amekwisha kukohoa, tayari kuanza na mwaka wa kwanza. Akakiacha kile kikohozi hewani.

"Kokugonza," alisema. "Yanauma?"

"Yanauma, waitu."

"Waliniambia umewekewa dawa hayaumi tena. Nikasema, basi anakuja kunipigia magoti ya maabara." Akainama mbele, akamtazama kwa karibu. "Na siku ile ya msiba?"

"Yaliuma hivi hivi. Sikusema."

"Kwa nini hukusema?"

"Kiburi, wifi yangu. Nilisimama kwa kiburi kweli, ila si kile ulichokidhani."

Miaka tisa ya maneno ilipita usoni pa Ma Kagemulo, mwaka mmoja mmoja, na hakulisema hata moja. Akanyoosha mkono, akamgusa bega. "Inuka. Inuka, mama. Mleteeni kiti."

Ilikuwa dakika nne. Wanawake wakapiga vigelegele. Kemilembe alihesabu dakika zile kama daktari, akajua ganda la nyuma limesalimika, na hakupata furaha yoyote.

*

Njia nzima ya kurudi gari lilijiendesha, na Ma Kokugonza akalitazama bonde tu. Nyumbani Ma Kokugonza aliketi sebuleni, akauweka mguu uliovimba juu ya kigoda, akavua kitambaa cha kichwa, akakikunja mara nne.

"Ni wewe," alisema.

"Ni mimi."

"Kagemulo amenisamehe, usidhani sijashukuru. Lakini ulinirudishia maumivu yangu kama mtu anayefungulia mbwa. Hukubisha hata hodi."

Kemilembe akasema yote. Alisema akitembea kutoka mlango hadi dirisha: ganda la kitunguu, mikanda, siku arobaini, mgonjwa hapigi magoti, kisanduku alichokigusa kwa jina la mama yake. Alisema kwamba ute ungeweza kufundishwa upya kwa siku arobaini nyingine, goti likikunjwa safari hii, kidogo kidogo, na maumivu yakiwapo ili yaonye. Alisema hajui kama lile ganda litakubali. Alipomaliza hakuwa na pengine pa kutembea.

"Nilikuuliza jana kama linauma," alisema mama yake. "Nilikuuliza. Ulikuwa na mlango wazi kabisa."

"Niliona aibu."

"Ndiyo. Mimi najua aibu inavyosimamisha mtu wima." Akakikunjua kitambaa, akakikunja tena. "Na wenzangu sitini? Leo Jumamosi. Kesho kuna ubatizo kwa akina Nyamwiza. Hapo watashuka kutwa nzima. Umewaambia?"

"Daktari Rwezaura amesema tusubiri Jumatatu."

"Sikuulizi Rwezaura."

"Sijawaambia."

Kemilembe aliitazama sakafu ya saruji, na kwa mara ya kwanza tangu avae koti jeupe, akashuka. Si nusu. Alishuka kwa magoti yote mawili, mikono mapajani, kichwa chini, akasubiri mkono begani.

Mkono haukuja.

Alisikia mama yake akivuta droo ya meza ndogo. Alisikia karatasi. Ilikuwa orodha ya kikundi, ile waliyoandikana wenyewe siku ya mikanda ili watembeleane, majina sitini na moja kwa kalamu ya wino.

"Simu unayo?"

"Ninayo, mama."

"Basi piga. Nitakusomea. Wa kwanza mwenyewe unaye hapa, tuanze na wa pili." Ma Kokugonza aliisogeza karatasi mbali na macho ili aisome vizuri. "Nyamwiza. Mwambie kama ulivyoniambia mimi, mpaka lile la kisanduku. Kisha muulize anataka ute ulazwe au usilazwe. Umsubiri ajibu."

Saruji ilikuwa ngumu. Magoti ya Kemilembe yalikuwa na miaka arobaini na moja, hayakuzoea, na lile la kulia lilikuwa limekwisha kuanza kulalamika kwa nyuma, pale pale. Alijua kwa jina kila kitu kilichokuwa kikibanwa. Simu ikaita mara mbili, ikapokelewa, kelele za watoto na masufuria zikajaa chumbani.

"Shikamoo, Ma Nyamwiza. Ni Kemilembe, wa kituo."

"Marahaba, daktari wetu! Mbona sauti iko chini hivyo? Umekaa wapi?"

Akamtazama mama yake. Mama yake alikuwa amekiweka kidole kwenye jina la tatu, anasubiri.

"Niko magotini," alisema Kemilembe. "Nina jambo la kukuambia."